Kadi za Rodo na Ndama wa Naftali

Chini ya Mlima Sekenke,
22 Septemba 1946

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Samweli, Kinyangiri.

Baba, shikamoo. Na Mama naye shikamoo yake, ambayo najua utamfikishia ukiwa umeketi karibu na jiko, maana yeye hupenda kusikia barua huku mikono yake ikifanya kazi. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mjukuu wenu Naftali ametimiza miezi kumi, ana meno manne, na kila kilichowekwa juu ya kigoda yeye hukivuta chini. Mawazo yangu yako kwenu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mbuzi mweupe amezaa? Na paa la darasa limeezekwa, au bado mnangoja nyasi za wale watu walioahidi kanisani mbele ya wote?

Najua unajiuliza kwa nini tangu Pasaka sijaandika. Usidhani nilikosa karatasi. Karatasi ninayo. Nilikosa uso, Baba. Sababu yake nitakueleza humu humu kabla hujaisikia kwa wengine, lakini niache nianze na hasira, maana ndiyo iliyo juu, na nisipoimwaga kwanza sitafika kwenye mengine.

Hasira yangu ni kadi za Stefano. Unakumbuka alirejea Misri baada ya likizo yake, mwezi wa pili mwaka jana. Vita vilipokwisha tulitazamia watarudishwa nyumbani. Badala yake kampuni yao ya Payonia, askari wa kazi za mikono, ikavushwa bahari, ikapelekwa kisiwa cha Wagiriki kinachoitwa Rodo. Ni Rodo ile ile aliyopita mtume Paulo, uliyotuonyesha kwa fimbo kwenye ramani ya darasani, nami nikakuuliza kama huko kuna mbuzi ukacheka. Kazi yao ni kuondoa vifusi vya kuta zilizobomolewa na mabomu, na zamu nyingine kulinda lango la nyumba kubwa ambamo Wazungu wameweka vitu vya kale.

Tangu hapo zimekuja kadi kumi na moja. Upande mmoja kuna picha. Upande wa pili nusu ni anwani na mihuri ya jeshi, nusu iliyobaki ni maneno, na chini pembeni kuna michoro midogo ya penseli ambayo niliichukua kuwa alama za watu wa posta. Stefano hajui kuandika, na hilo lilikusumbua sana uliponioza. Anayemwandikia ni mwenzake mmoja, Koplo Antipasi, mwenye hati iliyosimama kama ile ya ubaoni kwako. Mimi nilijua hivi: Stefano atasema, Antipasi ataandika, nami nitasoma.

Sasa sikia kadi ya kwanza ilivyosema. Ilisema kwamba mgeni afikapo Rodo yampasa aanzie bandarini, kwenye vinu vitatu vya upepo vilivyosimama juu ya ukuta katikati ya maji, ambavyo zamani vilisaga nafaka zilizoletwa na merikebu. Kisha atazame nguzo mbili mlangoni mwa bandari, na juu yake kulungu wawili wa shaba, dume na jike. Kisha ndipo aingie mjini kwa miguu, asiwe na haraka. Basi. Wasalaam.

Mgeni afikapo! Mgeni gani, Baba? Mimi? Nimfunge mtoto mgongoni nipande merikebu nikatazame vinu? Mimi nasaga uwele kwa jiwe, nimepiga magoti, naye ananisifia unga unaosagwa na upepo.

Nikasema ni kadi ya kwanza, labda amepumbazwa na ugeni. Ya pili ikaja. Hiyo ilieleza barabara iliyotandikwa mawe ya mviringo, yenye nyumba za askari wa zamani waliokuwa wakivaa chuma mwili mzima, kila nyumba na ngao yake ya jiwe juu ya mlango, na mwisho wa barabara ngome ya mkubwa wao, ambayo sakafu zake ni picha zilizopangwa kwa vijiwe vidogo. Ya tatu ikaeleza nyumba ya vitu vya kale yenyewe. Ilisema zamani ilikuwa hospitali ya hao askari wa chuma. Ndani yake yumo mwanamke wa jiwe jeupe aliyeokotwa baharini, uso wake umelainishwa na maji mpaka kama hana pua, na mwingine amepiga magoti ananyoosha nywele zake akizikausha. Ikaonya kwamba mgeni asikose chumba cha vyungu.

Mama mkwe wangu, Mama Marietha, aliposikia ya vyungu aliniuliza ni vyungu vya namna gani. Nikamsomea: vyungu vya udongo vilivyovunjika na kuungwa tena. Akasema hapo nyuma ya nyumba anavyo vitatu vilivyovunjika, tena vyake havijaungwa, basi mwanawe arudi alinde hivi. Na yule mwanamke asiye na pua akataka kujua kwa nini ndugu zake hawajamzika.

Nakuambia, Baba, nimeujua mji ule kuliko ninavyoijua Ikungi. Ukinifunga macho naweza kukuongoza kutoka vinu hadi ngomeni. Najua kwamba kuna kijiji kinaitwa Lindo, watu hupanda kwa punda, na juu ya jabali kuna nguzo za hekalu la zamani, na kwenye ngazi zake imechongwa merikebu mwambani. Najua kuna mawe yaliyojaa maandishi ya kale ambayo mengine hata wenye elimu wameshindwa kuyasoma. Najua zamani sana bandarini palisimama mtu wa shaba mrefu kuliko mnara wowote, tetemeko likamwangusha, shaba ikauzwa, na hata leo watu hupelekwa kuonyeshwa mahali ambapo hayupo. Mama Marietha alipigwa na butwaa kwamba watu husafiri kwenda kutazama mahali patupu. Mimi sikushangaa. Kila asubuhi nikifungua mlango nami hutazama mahali patupu.

Nilimpelekea kadi moja yule Mgiriki wa machimboni ambaye tunampelekea maziwa, nikitumaini ataniambia jambo lolote la zaidi. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka maziwa yakaanza kupata vumbi. Mwisho akasema yeye ni wa kisiwa kingine, hiyo nyumba ya vitu vya kale hajawahi kuingia, na kama mume wangu ameingia mara nyingi hivyo basi ni Mgiriki kumzidi yeye. Wakacheka na watu wake. Nikabeba kibuyu changu nikaondoka.

Lakini hata hayo ningeyavumilia kama si jambo la Naftali. Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, wiki hiyo hiyo nikamwandikia Stefano: umepata kijana, mama yako amempa jina la marehemu baba yako, ana kidevu chako. Jibu lililokuja lilikuwa Lindo na punda wake. Nikaandika tena Krismasi. Jibu likawa chemchemi na misikiti ya wakati wa Waturuki. Hakuna neno mtoto. Hakuna hata neno asante.

Nawe hujui desturi ya nyumba hii, maana sisi kwetu tulikuwa na mbuzi na kitabu tu. Ng'ombe wote wa hapa wana alama masikioni: sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto limechanwa mara mbili. Mtoto wa kwanza wa mtu akizaliwa, baba yake huchagua ndama jike, akamkata alama hiyo ya nyumba, kisha akaongeza pengo dogo kwenye shina la sikio la kushoto. Ndama huyo ni wa mtoto, na uzao wake wote ni wa mtoto. Mpaka baba atamke, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukata pengo lile. Na mtoto asiyekatiwa ndama, watu hawasemi kitu, wanamtazama tu.

Anayeshika ng'ombe tangu baba mkwe afariki ni mdogo wake, Mzee Laurenti. Si mtu mbaya, Baba. Amenipa maziwa bila kuombwa. Lakini ana ulimi. Kila akiingia uani humwinamia Naftali na kumsalimu eti hujambo, mgeni. Akiniona nimekunja uso anasema yeye anamkaribisha tu, mtoto wa likizo ni kama mgeni, na mgeni hukaribishwa. Kisha huniuliza Stefano amesemaje. Siku nyingine aliniuliza mbele ya wanawake watatu waliokuja kuomba moto: kadi zote hizo, binti wa mwalimu, na hakuna mahali aliposema huyu ni wangu? Mawe ameyataja yote, mwanawe hamwoni?

Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Kisha nikarudi kusaga.

Sasa nikupe habari ya macho ya Mama Marietha. Unajua alivyokuwa na vikope miaka mingi. Mwaka huu kope zikageukia ndani kabisa, kila akipepesa zinamkwaruza kama makapi ya uwele, mwanga haustahimili, kutwa anakaa ndani amejifunika khanga usoni. Nilimwambia twende hospitali ya misheni, akakataa. Damari jirani akamwambia, akakataa. Akasema hawezi kukatwa macho kwa maneno ya watoto wa juzi, mwanawe mwenyewe hajasema. Basi kadi ya mwezi wa nne ilipokwisha kusomwa, akakubali. Na ya mwezi wa saba ilipokwisha kusomwa, Mzee Laurenti naye akakubali, akatangaza kwamba kwa kuwa Stefano ametamka, ndama wa Naftali atakatwa siku ya Jumamosi tutakayokuwa tumerudi kutoka hospitali. Utaniuliza kadi za mawe ziliwashawishije. Subiri kidogo, Baba. Naja huko, miguu yangu ndiyo mizito.

Tuliondoka baada ya mavuno, foleni ya daktari ilipopungua. Tulipanda mlima kwa miguu siku moja na nusu, mimi mbele na Naftali mgongoni, yeye nyuma ameshika ncha ya khanga yangu. Daktari alimkata kope zote mbili na kuzigeuza zitazame nje, akamfunga macho kwa kitambaa siku tano. Tulilala kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, kila mtu na jiko lake la mawe matatu.

Hapo ndipo nilipokutana na Theresia. Ni Mnyaturu wa Ikungi, alikuja kumzuru dada yake aliyeolewa upande ule, mtoto wake akashikwa na homa. Mume wake anaitwa Mughwai, naye ni Payonia. Aliposikia najua kusoma alifungua pindo la nguo yake akatoa kadi saba zilizofungwa kwa uzi, akanisihi nimsomee vizuri, maana karani anayemsomea kule kwao ni mwizi. Nikamuuliza mwizi wa nini. Akasema ni mwizi wa maneno: kila akimpelekea kadi, karani humsomea vinu vya upepo na mawe tu, na maneno ya mume wake anayala yeye. Mara ya mwisho alimtukana mbele ya baraza zima, wakamtoa nje.

Baba, nilichukua kadi ya juu. Mgeni afikapo Rodo yampasa aanzie bandarini. Sikuhitaji kuendelea kuitazama. Nilimsomea nikiwa nimefumba macho, vinu vitatu, kulungu wawili, asiwe na haraka, wasalaam. Ya pili: barabara ya mawe ya mviringo. Ya tatu: mwanamke asiye na pua. Hati ile ile ya Antipasi, nukta zile zile, hata michoro ile ya posta pembeni ilikuwepo, ila yake ilikuwa ya namna nyingine. Theresia alikuwa amenikodolea macho. Nilipomaliza akaniuliza, na kisha? Nikamwambia basi. Akasema, hata kuhusu kifo cha mama yake hakusema? Nikamwambia hapana. Akafunga kadi zake na uzi, polepole, akasema basi karani wa watu nimemwonea.

Ndipo nilipoelewa. Koplo Antipasi hawaandikii maneno yao. Labda wanaume ishirini wanakaa mbele yake Jumapili kila mmoja akisema ya moyoni, naye anaona maneno yao ni madogo, mama hujambo, ng'ombe wazima, mtoto anaota meno, wakati mbele yake kuna ngome na hekalu. Anaandika anachoona kinafaa kuandikwa. Na ndiye anayewasomea barua zetu! Barua yangu ya Naftali, je, alimsomea Stefano, au alimsomea habari alizotunga? Mwaka mzima namkasirikia mume wangu kwa maneno ya mtu mwingine, na neno lake hata moja sijalisikia. Niliapa nikimtia mkononi Antipasi nitamsagia unga wa pilipili nimnyweshe. Niliapa kwa sauti, mpaka Mama akageuza kichwa chake kilichofungwa akauliza nagombana na nani.

Nikataka kumjibu. Lakini, Baba, jina la pili lililonijia baada ya Antipasi lilikuwa langu.

Hapa ndipo ninapokosa uso. Wewe ulinifundisha kusoma ukaniambia anayesoma barua ya mwingine amekopeshwa mdomo, asiongeze wala asipunguze. Mimi niliongeza. Ilianza na kadi ya kwanza. Mama alikuwa amekaa kwenye ngozi yake, macho yanatiririka, amenielekezea sikio. Nilipofika wasalaam akabaki vile vile anangoja, kama mtu anayengoja maji ya mwisho yadondoke kibuyuni. Nikashindwa. Nikasema, tena anasema, mwambieni mama nautamani ugali wake wa uwele na mlenda. Akacheka mpaka akajifuta uso. Ya pili nikaongeza kidogo zaidi. Baadaye kila kadi nilisoma mawe haraka haraka ili nifike kwenye yangu. Mimi ndiye niliyemwambia kwa kinywa cha Stefano aende hospitali. Na mwezi wa saba, siku moja baada ya Laurenti kunifedhehesha mbele ya wale wanawake, nilishika kadi inayoeleza saa za kufunguliwa kwa nyumba ya vitu vya kale, nikasoma mbele ya wote kwamba Stefano anasema mkatieni mwanangu Naftali ndama, na pengo lake likatwe. Neno hilo halikuwepo. Nilimwekea mtoto wangu ndama juu ya uongo, Baba. Ukitaka kusimama kidogo kabla ya kuendelea kusoma, simama.

Tulirudi siku ya Jumatano. Jumamosi ilikuwa mlangoni. Alhamisi asubuhi Mama alitoka nje mwenyewe, akasimama uani, akatazama mlima, akatazama kuku, akamtazama Naftali muda mrefu akasema kidevu ni cha Stefano kweli, watu walikuwa wanamwambia tu. Kisha akataka kuona kadi. Akasema ameyasikia mawe mwaka mzima, sasa anataka kuyaona. Nikampa ya kwanza. Akavitazama vinu, akavisifu. Akaigeuza. Akayatazama maandishi, akaanza kuigusa mistari kwa kidole, mmoja, wa pili, mpaka wa tano. Akaniuliza kama yote ni hayo. Nikamwambia ndiyo. Akasema siku ya kadi hii maziwa yalichemka yakafurika, na ulikuwa bado unasoma.

Nikapiga magoti pale pale nikamwambia yote. Ugali, hospitali, ndama, Antipasi, Theresia, yote.

Kuhusu ugali alisema alishuku tangu mwanzo, kwa sababu tangu amzae Stefano hajawahi kumsikia akisema jambo zuri mara tatu mfululizo. Kuhusu macho hakunishukuru wala hakunilaumu. Alisema kama ningemwambia kwa jina langu asingekwenda, tena nilimwambia na hakwenda, na hilo ndilo linalomuuma, kwamba alikuwa na mtu ndani ya nyumba na akangoja kadi. Lakini kuhusu ndama alisimama. Alisema hilo halikuwa langu kulisema, wala lake. Nikamwambia najua. Akaniamuru nilete kadi zote.

Akazipanga juu ya ungo, juani, moja baada ya nyingine. Nilidhani anatafuta nyingine yenye mistari mingi. Akainama. Akainua moja, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaniita. Akaniuliza haya masikio amechora nani.

Nikamuuliza masikio gani. Akaniwekea kidole kwenye ile michoro ya posta. Baba, mimi niliyafikiri majani mawili ya kunde. Jani la kulia halina ncha. La kushoto limechanwa mara mbili. Nimewakamua ng'ombe hao miaka mitatu, kila asubuhi masikio yao yako mbele ya pua yangu yakinipiga usoni kufukuza nzi, nami binti wa mwalimu, msomaji wa nyumba, nikaona posta! Yamo kwenye kadi zote kumi na moja. Mwanaume asiyejua kuandika aliona wazi kwamba maneno yake hayaandikwi, akaomba penseli.

Kisha Mama akarudia kadi moja moja kwa utaratibu. Alipofika ile ya mwezi wa tatu, ile ya mtu wa shaba asiyekuwepo, akaishika akakaa chini. Kwenye sikio la kushoto, chini, kwenye shina, palikuwa na pengo dogo limekolezwa kwa penseli mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Na kwenye kila kadi iliyofuata, pengo lipo.

Mwezi wa tatu, Baba. Mimi nilidanganya mwezi wa saba. Neno nililolitunga lilikuwa limeshafika siku nyingi, limelala kikapuni mwangu, nami nalala juu yake nikilia.

Usidhani Mama aliniachia hapo. Alinituma nikamweleze Laurenti mwenyewe, kwa miguu yangu na kwa mdomo wangu, kwamba nilidanganya, kisha ndipo nimwonyeshe kadi, si kadi kwanza. Nikaenda. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango wa zizi, na nilipotamka neno uongo aliacha kutafuna kijiti chake. Akaipokea kadi, akaigeuza juu chini, akaitazama mpaka ng'ombe wa mwisho akatoka. Mwishoni akasema Stefano tangu utoto hajui kuchana sikio, angalia alivyolipinda, baba yake alikuwa akimgombeza hivyo hivyo. Akasema mkono ni wake. Akasema pia kwamba mwanamke anayesoma visivyoandikwa na kuacha vilivyoandikwa apewe kazi ya kuchunga ndege shambani. Alikuwa na haki.

Jumamosi ndama alikatwa. Ni mwekundu, ana doa jeupe pajani, mama yake anakamuliwa vizuri. Naftali alilia kuliko ndama. Mzee Laurenti alipokwisha kuosha kisu alimwinamia, nami nikajikaza kulisikia lile neno lake. Akamwambia, hujambo, mwenye ng'ombe.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Hasira bado ninayo, nisikufiche. Stefano atarudi lini hatujui, kadi haisemi, na sikio la ng'ombe haliwezi kusema tarehe. Mama sasa anataka nimsomee mawe matupu kama yalivyo, bila chumvi, na ameanza kuyapenda. Jana aliuliza kama pua ya yule mwanamke imeshapatikana. Theresia nimemtumia ujumbe na mchuuzi wa chumvi anayepita Ikungi, azitazame pembe za kadi zake vizuri, au awaonyeshe wazee wa mume wake wanaojua ng'ombe, maana Mughwai naye amekuwa akisema muda wote huo.

Kwako, Baba, naomba mambo mawili. La kwanza, nipangie adhabu yangu kama ungempangia mwanafunzi mwingine, nami nitaitimiza hata ikiwa ni kusimama kanisani. La pili, nitumie karatasi nene zaidi. Barua yangu ijayo kwa Stefano haitakuwa na maneno ya kupitia kwa Antipasi. Nitauweka mkono wa Naftali juu ya karatasi, niuzungushie mkaa, vidole vyote vitano, na hapo chini nichore masikio mawili. Antipasi asome hayo kama ataweza.

Msalimie Mama yangu sana, mwambie jino la tano liko njiani. Salamu kwa wote wa darasani, na kwa mbuzi mweupe. Mungu alilainishe goti lako ili mvua zikipungua uje umwone mjukuu wako na mali yake.

Mimi mwanao aliyekukosea na anayekupenda,
Lea Samweli, mama yake Naftali.

Baba, michoro iliyo chini ya jina langu si ya watu wa posta.